Simu ya Kupangusa Katika Nyanda za Kati

Jina “simu ya kupangusa”, ambalo Watanzania waliipa simu ya kioo ili kuitofautisha na kitochi chenye vitufe, huitaja simu kwa tendo la kidole wala si kwa umbo au bei yake, na kwa sababu hiyo linagusa kiini cha mabadiliko ya kutoka kubonyeza hadi kupangusa, yaliyowachukua wahandisi miaka mingi kuyakamilisha.

Kioo kinachohisi mguso kwa njia ya umeme kilielezwa na E. A. Johnson nchini Uingereza tangu 1965, lakini kurasa za wavuti zilipokuja zilijengwa kwa ajili ya kipanya. Mwaka 2007 Apple ilianza kuuza iPhone, simu yake ya kupangusa. Hata hivyo, M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilimtaka mteja abonyeze namba za menyu hatua kwa hatua, na elimu ya kidole iliyoenea katika nyanda za kati, yaani Dodoma, Singida na vijiji vya jirani, ikawa ya kubonyeza.

Kutambua ishara za mguso ni kazi ya kukisia. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, huripoti tu kwamba kidole kimegusa, kimesogea au kimeondoka, pamoja na mahali na wakati; kutokana na hayo programu huamua kwamba mguso mfupi uliotulia ni kubofya, uliosafiri upande mmoja ni kupangusa, na vidole viwili vinavyoachana ni kukuza picha. Katika ilimba, ala ya muziki ya Wagogo wa Dodoma aliyoipeleka mwanamuziki Hukwe Zawose katika majukwaa ya dunia, dole gumba linalodonoa ulimi wa chuma hupata sauti papo hapo, ilhali vivinjari vya mwanzo vya simu vilisubiri takriban milisekunde 300, karibu theluthi ya sekunde, kuona kama mguso wa pili utafuata, kwa kuwa miguso miwili ya haraka ilimaanisha kukuza ukurasa. Subira hiyo, iliyofanya kurasa zionekane nzito hata pale mtandao ulipokuwa mzuri, kivinjari cha Chrome kiliiondoa mwaka 2014 kwa kurasa zilizopimwa kwa upana wa simu. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti, lilikuwa limeidhinisha kanuni za mguso mwaka 2013, na mwaka 2015 likaidhinisha nyingine zilizounganisha kipanya, kidole na kalamu.

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kisha Sheria ya Serikali Mtandao ikapitishwa mwaka 2019, baadhi ya fomu za umma zilikuwa zikijazwa kupitia tovuti, pengine kwa dole gumba kwenye simu. Kukisia, hata hivyo, hakukwisha: katika kiangazi cha nyanda hizi, mtu anayepangusa vumbi kwenye kioo kwa kidole huweza kuufungua ukurasa asioutaka, kwa kuwa programu huona njia na muda wa kidole, basi.