Homa ya Kaze na taya za watoto

Novemba 1857 wavumbuzi Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, Tabora ya leo, wakiwa wamechakazwa na homa. Wafanyabiashara Waarabu waliwakirimu vizuri, lakini mbele ya safari miguu ya Burton iligoma, akabebwa kwa machela. Mwaka 1872 mvumbuzi mwingine, David Livingstone, alikaa Kwihara, karibu na Kaze, miezi mitano akingoja wapagazi. Wageni hao waliandika homa zao kurasa kwa kurasa. Homa za watoto wa Kinyamwezi hazikuwashughulisha sana.

Oktoba 1961 msafara mwingine, huu wa kuwatafuta watoto wagonjwa, uliondoka Kampala kwa gari la mtumba la pauni 250. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt na wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, maili 10,000. Katika kila hospitali walitoa picha za watoto waliovimba taya, wakauliza: mmewahi kumwona wa namna hii? Majibu yakachora ramani. Karibu na ikweta, uvimbe ulitoweka juu ya mita 1,500 hivi. Ulipenda joto na mvua, kama malaria. Tabora iko mita 1,200, chini ya mpaka huo.

Maabara zilieleza baadaye. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa 1964 katika sampuli iliyotumwa London kutoka Kampala, huingia seli B za kinga kupitia kipokezi CD21. Malaria huzichokoza seli hizo zizaliane ovyo. Ndipo kipande cha kromosomu 8 hukatika na kujipachika kwenye kromosomu 14, pembeni ya jeni inayounda kipokezi cha seli B yenyewe, na jeni ya ukuaji iliyomo katika kipande hicho, MYC, haizimiki tena. Hivyo uvimbe ule wa taya ni saratani ya seli B, nayo huweza kufika hadi ubongoni.

Burkitt aliona watoto wakipona kwa dozi chache mno za dawa. Madaktari wakashuku kinga ya mtoto ndiyo iliyomalizia kazi.

Leo kinga hufundishwa kwa makusudi: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya seli T za kinga za mgonjwa zilizopachikwa kipokezi cha kutambua CD19, alama ya seli B. Saratani nyingine ya watoto, uvimbe wa shina la ubongo, haina alama hiyo, hivyo watafiti wa Stanford walilenga nyingine, GD2. Ripoti yao ya 2022 ilihusu wagonjwa wanne. Watatu walipata nafuu.

Mtoto wa Tabora mwenye uvimbe wa taya huweza kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko tiba bado inategemea saiklofosfamidi, dawa ambayo Burkitt aliitumia Kampala miaka ya 1960.