Majirani na Matangazo ya Njia: Historia Fupi na Istilahi Zake

Neno "ruta" limekwisha kuzoeleka katika ofisi zetu, lakini kazi ya chombo chenyewe haijaelezwa vya kutosha kwa Kiswahili. Ruta hupokea pakiti za data na kuzipeleka mbele kwa njia inayofaa. Ili izijue njia hizo, haina budi kupashana habari na ruta zilizo jirani nayo. Suala tunalokusudia kulichunguza ni hili: nani humtangazia nani, na humtangazia nini? Twalianzia katika milima ya Usambara, kwa kuwa huko suala la nani ashike mpaka na njia zake lilipata jibu la kivita karne moja na zaidi kabla ya mitambo hii kubuniwa.

Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Usambara hadi karibu mwaka 1862, aliwaweka wanawe kuwa wazumbe wa sehemu mbalimbali za nchi. Kodi zilipelekwa Vugha, mji mkuu, na amri zilitoka huko. Wageni hawakuingia kiholela: Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walipewa malazi nje ya mji. Lakini mwanawe mmoja, Semboja, alikaa Mazinde, chini tambarare, kando ya njia ya misafara. Biashara ya pwani ilimpatia bunduki. Baada ya kifo cha Kimweri alipigana na mrithi, Shekulwavu, akamtoa Vugha, akamweka huko mwanawe Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Aliyeshika mahali ambapo njia za ufalme zilikutana na njia za nje ndiye aliyeshika nguvu.

Mitandao ya kompyuta nayo ilijifunza jambo hilo hatua kwa hatua. Utaratibu uitwao RIP, ulioelezwa na Charles Hedrick katika waraka wa mwaka 1988, huiagiza kila ruta iwatangazie majirani njia zote inazozijua kila baada ya sekunde 30, pamoja na hesabu ya hatua. Natutoe mfano. Tuseme ruta moja iko Lushoto na jirani yake iko Mombo, na njia ya kwenda Tanga ni ile tu ya kuteremka kupitia Mombo. Mombo yatangaza kwamba Tanga iko umbali wa hatua 1. Lushoto yaandika 2. Njia ya Mombo kwenda Tanga ikikatika, na Lushoto ikaendelea kutangaza "Tanga, hatua 2", Mombo itaamini na kuandika 3, ilhali njia hiyo yapita kwake yenyewe. Lushoto itaandika 4, na hesabu itapanda hadi 16, yaani "hakufikiki". Muda wote huo pakiti zitapanda na kuteremka mlima bure. Dawa yake ni kanuni nyepesi: usimtangazie jirani njia uliyoipata kwake.

Baina ya mitandao ya makampuni na mataifa, utaratibu unaotumika ni BGP, uliobuniwa mwaka 1989 na Kirk Lougheed na Yakov Rekhter. Hapo kipimo kikuu ni makubaliano wala si umbali, na kwa njia hiyo makampuni yanayokutana katika kituo cha Dar es Salaam hutangaziana njia ili mawasiliano ya ndani yasizunguke ng'ambo. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube nchini mwake tu. Tangazo lake la njia likavuja hadi kwa PCCW ya Hong Kong, nayo ikalipokea bila kulichuja na kulieneza duniani. Kwa muda wa saa mbili hivi watu wa nchi nyingi hawakuipata YouTube. Kosa lilikuwa la pande mbili: la aliyetangaza na la aliyepokea.

Historia hiyo yatuonyesha istilahi zinazotufaa. Kwanza, twapendekeza "tangazo la njia" badala ya "habari za njia", kwa kuwa tangazo lina mtoaji na mpokeaji. Pili, neno "chujio" peke yake halitoshi. Yapasa kusema "chujio la kutangaza" au "chujio la kupokea". Fundi asiyejua upande uliokusudiwa aweza kuacha wazi ule ule unaovuja.

Tatu, kuna amri inayouzuia mlango wa ruta usitoe matangazo. Baadhi ya wafasiri huuita "mlango uliofungwa". Hilo ni kosa la hatari, kwani pakiti za watumiaji huendelea kupita. Fundi akiufunga kweli, ofisi nzima hukosa mawasiliano. "Mlango msikivu" nao wafaa katika RIP tu, ambamo mlango hunyamaza huku ukisikiliza. Katika utaratibu wa OSPF mlango huo hautoi wala haupokei salamu, hivyo ujirani hauanzi kabisa. Kwa hiyo twapendekeza "mlango usiotangaza", ambalo ni kweli katika hali zote mbili, na mfasiri aeleze kila mara kama mlango huo wasikiliza au la.

Walimu na wafasiri watakaozitumia istilahi hizi darasani na katika nyaraka twawaomba watuletee maoni yao, hasa pale zitakapomkwaza mwenye kutenda kazi.