Gari la magurudumu matatu: Usalama huanzia kwenye karatasi

GARI la magurudumu matatu lenye umbo la kupasua upepo ni mojawapo ya vyombo ambavyo fundi mwenye subira anaweza kujiundia katika gereji ya nyumbani. H.F.S. Morgan wa Malvern, Uingereza, aliunda lake la kwanza mwaka 1909 kwa matumizi yake mwenyewe, kisha akaonyesha magari ya aina hiyo jijini London mwaka 1910. Hata hivyo, ugumu wa kazi hii hauko katika kuchomelea vyuma. Uko katika kuamua, kabla chuma hakijakatwa, magurudumu yatakaa wapi na uzito utalemea wapi.

Kuna miundo miwili. Wa kwanza ni ule wa tuktuk: gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Wa pili una mawili mbele na moja nyuma, kama gari la Morgan. Dereva anapokanyaga breki katikati ya kona, uzito husukumwa mbele na upande wa nje. Katika muundo wa kwanza, pembe hiyo haina gurudumu la kuuhimili. Katika muundo wa pili, lipo. Kwa gari linalokusudiwa kwenda kasi, tofauti hiyo ni suala la uhai.

Tuchukue mfano wa muundo wa pili. Magurudumu ya mbele yameachana kwa sentimita 150, na gurudumu la nyuma liko sentimita 240 kutoka ekseli ya mbele. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 80 nyuma ya ekseli hiyo, kila upande kina nafasi ya sentimita 50 kabla ya kufikia mstari wa kupindukia. Kikirudi nyuma hadi sentimita 160, nafasi hiyo hubaki 25 tu. Kitovu hicho kikiwa chini vya kutosha, aghalabu matairi huteleza kabla ya gari kupinduka. Kwa kuwa injini ya pikipiki hukaa karibu na gurudumu la nyuma, yafaa viti na betri visogezwe mbele na kushushwa.

Umbo nalo lina hesabu yake. Kasi ikiongezeka kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ya kushinda upepo huhitajika mara nane zaidi. Umbo linalofaa ni la tone la maji: mbele mviringo, nyuma mkia mrefu unaochongoka. Muundo wa magurudumu mawili mbele huafikiana nalo, kwani gurudumu moja hujificha mkiani.

Lakini umbo zuri halitoshi. Mwaka 1933, Buckminster Fuller wa Marekani aliunda gari la Dymaxion lenye umbo la tone, likiongozwa kwa gurudumu la nyuma. Upepo wa ubavuni uliliyumbisha. Mwezi Oktoba mwaka huo, mojawapo lilipinduka Chicago baada ya kuhusika katika ajali na gari jingine, na dereva wake akafariki. Usukani basi na uelekeze magurudumu ya mbele.

Mpango ukikamilika, chora gari zima sakafuni kwa chaki, upime na mlango wa gereji. Si ajabu chombo kikamilike kisitoke. Unda kielelezo cha plaiwudi, uketi ndani, uhakikishe unaona barabara na unafikia breki. Kumbuka pia kwamba tairi la pikipiki limetengenezwa kwa chombo kinachoinama konani, ilhali hili halitainama. Fremu ikishasimama, weka mizani chini ya kila gurudumu, dereva akiwa kitini, ulinganishe na hesabu zako.

Kwa msomaji wa Kenya, masharti ya usajili yaulizwe mapema kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), na ya bima kwa kampuni husika. Kufuta mstari kwenye karatasi ni rahisi kuliko kukata fremu iliyokwisha kuchomelewa.