Sampuli

Sampuli ya damu, ya udongo, ya maji ya kisima: neno hili limezoeleka. Sasa mafundi wa elektroniki wanalihitaji, nalo linawafaa lilivyo.

Anayejiundia osiloskopu hutafuta mikrokontrola, na swali lake la kwanza liwe: inachukua sampuli ngapi kwa sekunde? Kila sampuli ni volteji iliyopimwa mara moja, ikageuzwa namba. Arduino Uno, kwa mpangilio wake wa kawaida, huchukua takriban 9,600. Ipe wimbi linalojirudia mara 9,000 kwa sekunde, na kiooni litatokea wimbi la mara 600, safi, laini, la uongo mtupu. Sampuli lazima zizidi mara mbili ya marudio ya wimbi, la sivyo fundi anadanganywa na chombo alichokiunda mwenyewe.

Raspberry Pi Pico hufika 500,000. STM32F103 hufika 1,000,000, na ndiyo ningeichagua. Lakini kuona umbo la wimbi kunataka walau sampuli 10 kwa kila mzunguko, hivyo hata hiyo naiamini hadi marudio 100,000 tu kwa sekunde.

Kitenzi kisitafutwe mbali: “kuchukua sampuli” kunatosha. Na tuseme “kasi ya sampuli”, si “kiwango cha sampuli”. Kiwango humpeleka msomaji kwenye ubora, na usahihi wa kila kipimo ni habari nyingine, ya biti: Uno ina 10, hizo mbili zina 12.