Nyota ya Babu Haina Jina

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria mpaka mto Chindwin. Alirudi Songea na nishani ya shaba yenye pembe sita. Alifariki mwaka 2006, nami nikiwa darasa la pili. Mwezi uliopita baba mdogo, ambaye ada ya mwanawe imemkalia kooni, alinipa ile nishani niitafutie mnunuzi Dar.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale. Akaigeuza, akaniuliza: "Nani anasema ni ya babu yako?"

Kweli, nyuma ni tupu. Nishani za Uingereza za Vita ya Kwanza zilichongwa jina na namba ya askari. Za Vita ya Pili serikali yao ikaamua kutochonga. Wahindi na Wasauzi walichongewa na serikali zao, lakini Keya wetu walipewa hivi hivi. Nyota ya babu na ya mtu mwingine yeyote ni mapacha.

Palikuwa na wateja wawili pale dukani, wakaanza kubishana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Mmoja alisema ni ya kweli, angalia herufi za mfalme zilivyokaa. Mwingine akasema ni nakala, akawasha kitochi cha mwanga wa zambarau na kuumulika utepe. Nyuzi za kisasa huwaka chini ya mwanga ule, za zamani haziwaki. Utepe ukawaka. Mshindi akacheka. Mimi nikakumbuka kwamba utepe huu shangazi aliubadilisha baada ya panya kuutafuna, lakini ukiwa na kitu cha kuuza, utetezi wa namna hiyo unasikika kama uongo.

Usiku nikaingia kusoma, na nikakuta hata wakubwa wanabishana. Chukua Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1856. Imetolewa mara zaidi ya 1,350 tu, na kampuni ya Hancocks ya London ndiyo iliyotengeneza tangu mwanzo. Jina la shujaa huchongwa nyuma ya kipande cha juu, tarehe ya tendo katikati ya msalaba. Moja ilitoka kwetu hapa: Kapteni Bloomfield alimbeba majeruhi chini ya risasi pale Mlali, Morogoro, tarehe 24 Agosti 1916.

Miaka mingi watu waliaminishwa kwamba shaba yake yote ni ya mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Wataalamu walipoipima kwa eksirei, misalaba mingi kuanzia Vita ya Kwanza ikaonekana ni ya shaba nyingine, inayodhaniwa ni ya mizinga ya Kichina. Kwa hiyo mtu anayesema "hii feki, si chuma cha Mrusi" anaweza kuutupa msalaba halali. Kipimo kinachoaminika zaidi ni cha kawaida tu: anayenakili kwa kumwaga shaba kwenye umbo la msalaba halisi hupata mdogo kidogo, maana shaba ikipoa husinyaa. Baada ya hapo wanarudi kwenye karatasi. Jina lipo kwenye orodha au halipo?

Na karatasi ndiyo iliyomuumbua jirani yetu mmoja. Idi Amin alijidai alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha alijiunga na KAR mwaka 1946, vita imeshakwisha, akiwa msaidizi wa jikoni. Hilo halikumzuia kujitengenezea VC yake mwenyewe, aliyoiita Victorious Cross, na kuivaa kifuani mbele ya kamera. Ile ya Amin leo kila mkusanyaji angeigombania, maana kila mtu anajua ilikuwa ya nani. Ya babu, aliyekuwako kweli, yule mzee alinipa bei ya sahani mbili za chipsi kuku.

Sikumuuzia. Nilimuuliza ingebadilika bei nikipata cheti chake cha kuachishwa jeshi, chenye namba yake. Akasema, "Hapo tutaongea, kijana."

Baba mdogo amekasirika, hajapokea simu yangu tangu Jumapili. Shangazi anasema makaratasi ya babu yako kwenye sanduku la bati kule Peramiho, ila ufunguo haujulikani ulipo, na yeye hataki livunjwe.