Apolo wa Boga na mafundisho ya Dennett juu ya ufahamu na dini

Katika seminari zetu swali moja linarudi mara nyingi: mutu akisema «Nilimwona Bwana, alinifariji», je, alimwona kweli, ao ubongo wake ulimudanganya? Swali hili si la darasani tu. Katekista anayekwenda kufariji watu waliofiwa anapashwa kuwa na jibu. Basi tulichunguze kwa njia ya historia ya Boga, katika teritware ya Irumu, huku kwetu Ituri.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu mwaka wa 1864. Alibatizwa katika Kanisa la Waanglikana mwaka wa 1895, na mwisho wa mwaka wa 1896 akafika Boga kufundisha. Hakuwa mutu wa Kanisa letu, lakini tendo jema halibadiliki kwa sababu limetendwa na jirani. Mukubwa wa Boga, Tabaro, hakumupokea vizuri. Karibu mwaka wa 1898, wakati wa kazi ya kujenga kanisa, dada ya Tabaro aliangukia mukuki uliokuwa katika majani, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ni yeye aliyemuua. Akakamatwa, akapelekwa Toro mbele ya Waingereza, akafungwa. Katika siku za mateso yale, usiku, alimwona Yezu Kristu aking'aa kama jua na kumwambia asiogope. Hivi ndivyo alivyoshuhudia mwenyewe. Kiisha kufunguliwa, alirudi kulekule Boga. Nyuma yake Tabaro aliomba ubatizo, akaitwa Paulo. Apolo akawa padri wa Waanglikana mwaka wa 1903, akawafikia Wambuti katika pori, akafa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza kwamba wamuzike kichwa kikielekea magaribi, upande wa pori, kinyume cha desturi, kwa maana huko kazi ilikuwa haijaisha.

Sasa tumusikilize mufilozofia. Daniel Dennett (1942-2024) alifundisha miaka mingi katika Tufts University, huko Marekani. Katika kitabu chake Consciousness Explained cha mwaka wa 1991, alisema kwamba ndani ya ubongo hakuna mahali penye mutazamaji mumoja, anayeangalia mambo yote kama vile watu wanavyoangalia sinema. Kuna kazi nyingi zinazofanyika pamoja, kila moja ikiandika na kusahihisha habari yake; na yule tunayemwita «mimi» ni kama kisa kinachotungwa na kazi hizo. Katika Breaking the Spell cha mwaka wa 2006, alitaka dini ichunguzwe na sayansi sawa na jambo lingine lolote la ulimwengu. Alizani kwamba mwanzo wake ni tabia ya akili yetu: majani yakitikisika usiku, tunauliza «Ni nani?» mbele ya kuuliza «Ni nini?» Akaongeza kwamba watu wengi hawaamini Mungu; wanaamini tu kwamba kuamini ni jambo jema. Kwa kufuata mafundisho hayo, Apolo aliona ndoto ya mutu mwenye woga, basi.

Tuseme nini? Kwanza, tusikatae yaliyo kweli. Kuchunguza si zambi. Prospero Lambertini, aliyekuwa nyuma Papa Benedikto XIV, aliandika katika karne ya 18 kwamba maono na miujiza vipimwe kwa uangalifu mukubwa, na sababu za kimaumbile zitafutwe kwanza. Tena, lile neno juu ya watu wanaopenda imani kuliko Mungu linatugusa hata sisi mapadri. Tulipokee kama kitubio.

Pili, kueleza njia si kukana kitu kilichopita njiani. Daktari akinieleza ginsi jicho langu linavyofanya kazi, hajaonyesha kwamba mama yangu, niliyemwona, hayuko. Mutakatifu Thoma anatufundisha kwamba kila kinachopokelewa kinapokelewa kwa namna ya yule anayekipokea. Mungu akisema na mutu mwenye ubongo, atapita wapi isipokuwa katika ubongo? Na tena, kama «mimi» ni kisa tu, ni nani anayekisikia? Mutakatifu Augustino alijibu zamani kwamba anayedanganyika, yuko.

Tatu, tuseme kweli yote: jibu hilo halitoshi kuhakikisha maono ya Apolo. Woga unaweza kuzaa ndoto. Na jambo la kutisha zaidi: hata wauaji wanasema kwamba Mungu amewatuma. Usiku wa tarehe 30 kuelekea 31 Mei 2021, usiku wa ukumbusho wa kifo cha Apolo, watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi. Watu wa Boga wanajua vema kwamba si kila sauti inayojiita ya Mungu ni ya Mungu.

Hapa neno la Kilatini linatusaidia. Conscientia ni ufahamu, tena ni zamiri; neno ni moja. Dennett alichunguza sana ufahamu: mutu anaona nini, na ginsi gani. Lakini Kanisa linauliza pia zamiri: kiisha kuona, mutu anatenda nini? Ndoto ya woga ingalimufaa Apolo kama ingalimurudisha kwao Buganda. Yake ilimurudisha kwa yule aliyemushitaki, bila silaha, bila kisasi. Bwana wetu alifundisha kwamba muti unajulikana kwa matunda yake. Tunda hili sayansi inaweza kulieleza kwa sehemu. Haiwezi kulifanya kuwa bure.

Basi, wewe katekista, mujane akikuambia kwamba katika usiku wa kukimbia alisikia neno «Usiogope», usimucheke, wala usimupigie kelele kwamba ni muujiza. Kaa naye. Umuulize: neno lile linakutuma kwa nani? Jibu lake ndilo litakaloonyesha limetoka wapi.