Ujiji baada ya mwembe: historia ya DDT

Wadau, ukitaja Ujiji tu watu wanakurukia na Livingstone, Stanley, 1871, mwembe... basi, historia imeisha! Mimi leo nataka historia iliyoandikwa kwenye mafuta ya samaki.

Mswisi Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu. 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Dunia ikanyunyiza: mbu, mashamba, pamba. Marekani iliipiga marufuku 1972, lakini miaka hiyohiyo ya 1970 watafiti waliwapima samaki wa Ziwa Tanganyika wakakuta mabaki yake. DDT haipendi maji, inapenda mafuta. Kutoka vijimea vya majini inapanda hadi dagaa, mgebuka anakula dagaa, nasi tunamla mgebuka kwa ugali. Na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi, mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Kinachoingia hakina haraka ya kutoka.

Sasa mwilini inafanya nini? Homoni ni kama ufunguo. Ikiingia kwenye kitasa chake ndani ya seli, kitasa hicho hukaa juu ya DNA na kuamuru jeni fulani iwake au izime. DDT ikichakaa huwa DDE, na mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba DDE huziba kitasa cha homoni ya kiume. Haifungui, inakaa tu hapo kama dereva wa daladala aliyepaki kituoni, na ufunguo halisi unakosa nafasi. Jeni haijavunjika, ila amri haifiki. Kwa mtoto aliye tumboni, ambaye viungo vyake ndiyo kwanza vinaumbwa, hilo si jambo dogo.

Kule California walihifadhi damu ya akina mama wa 1959 hadi 1967. Matokeo yalitoka 2015: mabinti waliokuwa tumboni mwa mama wenye DDT nyingi walikuwa na hatari ya saratani ya matiti karibu mara 4.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm 2004, unaobakiza DDT kwa vita dhidi ya wadudu wanaoeneza magonjwa tu. Hata hivyo, utafiti wa 2014 uliopima perege wa maziwa manne nchini uliikuta DDT nyingi zaidi Tanganyika.

Siwaambii muache migebuka, jamani. Mimi mwenyewe siachi. Ila mtoto aliyekuwa tumboni Ujiji katikati ya miaka ya 1970, mama akila samaki wale, leo ana miaka 50 hivi. Huenda ndiye anayekuuzia dagaa pale Kibirizi.